Viatu Mbele ya Mnara

Mwaka wa kumbukumbu ya miaka thelathini, mama yangu alivua viatu mbele ya mnara wa askari wa miavuli, akaviweka pembeni, akakaa chini kwenye kokoto, miguu ameinyoosha, na Wabelgiji wakaita ambulensi.

Tarumbeta ilikuwa bado inalia. Wazee wenye bereti nyekundu walikuwa wamesimama wima, mikono kwenye paji la uso, na hakuna aliyethubutu kusogea mpaka mlio wa mwisho ulipokwisha. Kisha wakaja wote kwa pamoja. Mmoja alimpepea kwa karatasi ya ratiba. Mwingine alimshika visigino akainyanyua miguu yake juu, kama walivyofundishwa jeshini kumhudumia aliyezimia, huku mama akivuta kitenge kifunike magoti na kuwaambia kwa Kifaransa kwamba yeye ni mzima. Hawakumwamini. Kwao mtu mzima hakai chini.

Kwetu Katanga mjane hukaa chini, tena bila viatu. Viti hutolewa nje ya nyumba, godoro au mkeka hutandikwa, na mjane hakai mahali pengine mpaka matanga yaishe. Tatizo ni kwamba mama hakuwa mjane, au alikuwa hajakubali kuwa mjane. Alikuja pale kutafuta mtu mmoja tu wa kumwambia kwamba mume wake alikufa.

"Juu ya nini ulikaa chini, mama?" nilimwuliza baada ya muuguzi kumpima presha na kumwachia.

"Ile tarumbeta," alisema. "Mu kilio ya mwenzako njo unalia wako."

Jioni, shemeji yake, mdogo wa baba, alipopata habari, alicheka mpaka akakohoa. "Banakuitia ambulance sawa vile waziri! Mulamu wangu, sasa Bruxelles yote inakujua." Alikuwa amesema kweli kuliko alivyodhani. Tangu siku hiyo wazee wa bereti walimwita mama "bibi wa viatu", na kila Mei aliyeingia mara ya kwanza kwenye ukumbi wa sherehe yao alisimuliwa kisa chake pamoja na bia ya kwanza.

Nieleze jambo lenyewe. Mwezi Mei 1978 waasi walivuka mpaka kutoka Angola wakauteka Kolwezi, mji wetu wa migodi. Baada ya siku za kuuana, askari wa Ufaransa na wa Ubelgiji waliingia, na ndege zikaanza kuwahamisha Wazungu kwenda Kamina, na kutoka hapo Ulaya. Baba alikuwa dereva wa familia ya injinia wa Kibelgiji. Injinia mwenyewe aliuawa mwanzoni. Risasi zilipopungua kidogo, baba alipita nyumbani kwetu, akamwambia mama kwamba anampeleka madame na watoto wake uwanja wa ndege, kisha atarudi atuchukue sisi, mama na watoto wanne, atupeleke kijijini. Alivua viatu kabla ya kushika usukani, kama ilivyokuwa desturi yake. Alisema mguu wenye kiatu hausikii gari. Aliviweka kwenye kiti cha pembeni, akaondoka. Nilikuwa mdogo lakini niliwahi kuona soli ya kiatu kimoja kupitia dirisha la gari. Hakurudi.

Kwa hiyo mambo mawili tu yangeweza kuwa yametokea. Ama aligeuza gari aturudie, akafia njiani. Ama alipanda ndege na Wazungu wake, akaishi mahali fulani, na hakututafuta. Kwa lile la kwanza mama ni mjane. Kwa lile la pili ni mwanamke aliyeachwa na watoto wanne katikati ya vita. Miaka yote hiyo hakuwa tayari kulia kwa ajili ya mtu ambaye huenda alikuwa akila chakula cha mchana mahali pengine.

Tulipofika Brussels miaka ya tisini, jambo la kwanza alilolifanya ni kumtafuta yule madame. Alikuwa amekwisha kufa. Mwanawe mmoja, sasa mtu mzima mwenye ndevu, alitupokea vizuri, akatupa kahawa, akasema kitu pekee anachokikumbuka cha asubuhi ile ni mkono wa mama yake ukimfunika macho na harufu ya petroli. Nani alikuwa anaendesha? Hakujua hata kama kulikuwa na dereva.

Ndipo zikabaki sherehe za Mei.

Aliyekuwa na haraka ni tonton, mdogo wake baba. Yeye alikuja Ubelgiji kama mwanafunzi kabla ya vita, kwa hiyo hakuona lolote. Kwa desturi yetu ndugu wa mume ndio wanaomfungua mjane: humwogesha, humpaka mafuta, humvika kitenge kipya, kisha watu hula na kucheza mpaka asubuhi. Bila matanga, marehemu anazunguka. Ndoa ya binti yake tonton ilipovunjika, alisema ni mkubwa wake anadai kilio chake. Alipopoteza kazi alisema hivyo hivyo. Kila alipokuja kwetu Saint-Gilles, akiwa bado anahema kwa ngazi za ghorofa yetu, alianza kumdai mama kilio cha "yaya", yaani kaka yake mkubwa:

"Mulamu, tulie yaya yangu. Miaka inapita."

"Bon. Lete muntu mwenye alimuona."

"Bazungu bale banakufwa moya moya. Utamupata nani?"

"Donc fanya mbio, tonton. Tafuta mbele ya bote kufwa."

Baada ya tarumbeta, wazee waliingia ukumbini kwa bia na mikate ya jibini, na hapo mama alifanya kazi yake. Alikwenda meza kwa meza, mimi nyuma yake kuongeza Kifaransa pale chake kilipokwama. Nilikuwa nikitengeneza kipindi kidogo cha redio kwa Kiswahili, nikajua namna ya kuuliza: usimpe shahidi jibu ndani ya swali. Mama hakujali kanuni hiyo. Aliuliza kila kitu mara moja: dereva, mrefu, mweusi sana, gari jeupe, madame na watoto. Wengi walitikisa kichwa. Mmoja alimwambia, bila ubaya, "Madame, mimi siku ile niliona migongo tu. Kila mtu alikuwa anakimbia." Kitu kimoja hakuwahi kukitaja, nami nilimshukuru kimoyomoyo: viatu vya baba. Hicho alikuwa anakitunza, kimtambulishe shahidi wa kweli.

Miaka michache baadaye kikundi cha wazee hao kilifunga safari ya Kolwezi kutembelea mahali walipopigana. Niliomba kwenda nao. Mama alikataa kuja. Alisema hawezi kurudi pale kama mtalii.

Walitembea mjini na ramani za zamani, wakibishana kuhusu nyumba ipi ilikuwa ipi. Mahali walipoonyesha kwa kidole na kusema hapa ndipo walipofyatuliwa risasi, palikuwa na vijana wakicheza mpira. Mchezo ulisimama wakawatazama Wazungu wazee, kisha ukaendelea. Mwanamke aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchoma aliniuliza kwa sauti ya chini hawa wanalia nini.

"Rafiki zao walikufa hapa."

"Aa. Na betu?" Alinyoosha mkono kuelekea uwanda nyuma ya nyumba. "Batu betu bote bale pale. Hakuna mwenye aliweka hata jiwe."

Nilikwenda peke yangu kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Nilitaka kuona kama inawezekana kwamba alifia njiani. Mtu anayetoka uwanjani kurudi mtaani kwetu angelazimika kupita daraja la reli, na kila niliyemwuliza, Mzungu au Mweusi, alisema darajani pale risasi hazikukoma. Basi ingewezekana kabisa. Gari jeupe nalo walilikumbuka, nikaanza kuamini, mpaka mzee mmoja jirani akamaliza hadithi: wanajeshi wa serikali walilichukua wakalizungusha mjini wiki nzima wakibeba magodoro ya watu, kisha likaachwa mbele ya baa. Lilichukuliwa wapi? Uwanjani au barabarani? Alicheka, akiniita maman kwa heshima. "Maman, nani alikuwa anauliza?"

Nilirudi Brussels na vumbi la Kolwezi kwenye viatu. Mama aliviweka nje ya mlango, hakuniruhusu kuingia navyo.

Kumbukumbu ya miaka thelathini na tano ilikuwa siku ya mvua. Tonton aliamua haitapita nyingine kabla hatujalia. Alikuwa amekwisha kukodi ukumbi Anderlecht kwa matanga, na asubuhi ile alikwenda Porte de Namur kuchukua vitenge vya sare ya ukoo, rangi ya bluu na nyeupe. Mama alijua. Alivaa koti lake la kijivu, tukapanda tramu bila kuzungumza.

Ukumbini tulikuta sura mpya. Mzee Mflamandi mwenye fimbo, masikio makubwa, anayesema Kifaransa kama anayekikanyaga. Sikumbuki kumwona kabla, ingawa wengine walimpigia kelele kama mtu wao wa siku zote. Alikuwa kwenye uwanja wa ndege, wakasema, zamu yake ilikuwa mlangoni mwa ndege. Mama alisimama mbele yake akaanza: dereva, mrefu, gari jeupe, madame na watoto.

Mzee aliweka bia chini.

"Yule mwenye viatu mkononi?"

Nilihisi vidole vya mama vikishika mkono wa koti langu. Nilijua tukifungua midomo tutaharibu.

"Ndiyo, ndiyo," mzee aliendelea, uso ukimng'aa. "Pekupeku, viatu mkononi, na mtoto wa Kizungu begani. Mlango ulikuwa unafungwa. Mimi mwenyewe nilimsukuma mgongoni, hivi." Akasukuma hewa kwa kiganja. "Alipanda! Madame, ni mumeo? Alipanda! Tulimwokoa!"

Meza nzima ikapiga makofi. Mmoja aliinua glasi. Mwingine, mwenye machozi, akamkumbatia mama kwa nguvu, akambusu mashavu yote mawili, akamwambia kwamba kwa miaka yote hii wanahesabu waliowapoteza, na hatimaye leo wamepata mmoja waliyemwokoa. Walifurahi kwa dhati. Wangewezaje kujua? Kwao aliyepanda ndege ile ni habari njema, hakuna nyingine. Mama alisimama katikati yao, mikono imeshuka, kama mtu anayenyeshewa na hana pa kujikinga.

Mzee mwenye fimbo ndiye wa kwanza kuacha kutabasamu. Alimtazama mama. Alimtazama kwa muda, na nikaona kitu kinahama usoni mwake.

"Au ngoja," alisema. "Walikuwa wawili. Madereva wawili. Mmoja alipanda, ndiyo, lakini mwingine... mwingine alishusha watu wake akageuza gari. Nilimpigia kelele abaki. Hakunisikiliza. Alisema ana watoto."

"Alisema kwa lugha gani?" niliuliza.

"Kifaransa. Nadhani."

"Na nani alikuwa na viatu mkononi? Aliyepanda, au aliyerudi?"

Nilimwuliza mimi, lakini hakunitazama mimi. Alimtazama mama.

"Aliyerudi," alisema taratibu. "Ndiyo, madame. Aliyerudi."

Mama alimshukuru. Akachukua mkoba wake, tukatoka.

Tulishuka Gare du Midi tukamalizia kwa miguu, chini ya mwavuli mmoja. Kwenye ngazi za nyumba yetu alisimama, akashika ukuta.

"We njo muntu ya redio. Gani ya kweli?"

"Ya kwanza aliisema kabla hajaona sura yako."

"Na ya pili?"

"Ya pili aliisema akikuangalia."

"Sikukuuliza vile," alisema, akaendelea kupanda.

Tonton alikuwa ametutangulia; nilimwachia ufunguo. Vitenge vilikuwa mezani, vimekunjwa, vingine kwenye viti. Nilimwambia yote kama yalivyotokea, kwa mpangilio, bila kuongeza. Nilipofika kwenye viatu alikaa. Baba ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, na tabia ile aliijua. Alifunika uso kwa kitenge kimoja, mabega yakatikisika. Kisha akafuta macho.

"Voilà. Amesema alirudi. Alikufwa mu njia ya kurudilia batoto yake. Nini tena munataka? Tulie!"

"Kwanza alisema alipanda," mama alisema kutoka jikoni.

"Muzee amelewa, mulamu!"

"Kama amelewa, amelewa mara mbili."

"Unataka yaya yangu akuwe muntu mubaya? Njo unataka?"

Mama alitokea mlangoni na sufuria mkononi. "Tonton, mi namungoja miaka yote hii. Kama alikufwa, nitakaa chini siku munane, nitalia mpaka munifunge kinywa. Lakini sitalia muntu mwenye alipanda ndege na mutoto ya mwenzake pa mabega, akaacha yake bane."

Tonton alianza kukusanya vitenge. Nilikuwa nikimtazama, na nilikuwa nikijiambia kwamba walau jambo moja limethibitika: mzee yule alimwona baba kwa macho yake. Alipanda au alirudi, hilo hatulijui, lakini alimwona, kwa sababu habari ya viatu hakuna Mbelgiji aliyewahi kuambiwa. Niliona faraja hata katika hilo.

Ndipo tonton, akiwa anavaa koti, akiwa na hasira, akasema mlangoni: "Na huyo muzungu, kama alisikia mambo ya bibi wa viatu, si ataweka viatu fasi yoyote?"

Alisema kwa dhihaka tu, kisha akashuka ngazi. Lakini mama aliweka sufuria chini, na mimi nikageuka kutazama viatu vyake vilivyolowa, vimekaa kando ya mlango, ncha zimeelekea ukutani.

Nilifanya kazi ya kuuliza. Kama mzee wa fimbo alikuwepo siku mama alipokaa chini kwenye kokoto, basi huenda aliona viatu vile, na miaka mitano baadaye akili yake iliviweka mkononi mwa mtu mwingine. Kama hakuwepo, na kama hajasimuliwa kisa cha bibi wa viatu, basi alichokisema kwanza ni kumbukumbu, na wa pekee aliyewahi kumwona baba baada yetu amesema alipanda. Mwenyekiti wao aliniambia bila kusita kwamba mzee alikuwepo: yeye ndiye aliyebeba bendera mwaka ule. Mweka hazina alisema haiwezekani, mwaka ule alikuwa hospitalini kwa ajili ya nyonga. Walinionyesha picha. Ambulensi inaonekana vizuri. Mbeba bendera yupo, lakini upepo umeifunga bendera usoni mwake, na zinaonekana glavu nyeupe tu.

Sikuwahi kumwuliza mwenyewe. Nilipopata namba yake, alikuwa amefariki majira ya baridi. Tonton alighairi ukumbi. Vitenge vya bluu na nyeupe viko kabatini kwake bado, na mara nyingine binti yake hunipigia simu kuniambia kwamba babake amevitoa tena, amevikunja upya, amevirudisha.

Mei iliyofuata mama alikwenda mnarani kama kawaida. Alikuwa amevaa viatu vya kamba, amezifunga mafundo mawili mawili, na tarumbeta ilipolia alisimama wima pamoja na wazee, mikono nyuma. Baadaye ukumbini mjane wa mzee wa fimbo alikuja kutusalimia. Nilimwuliza kwa uangalifu, bila kumpa jibu ndani ya swali, ni mwaka gani mume wake alipasuliwa nyonga.

Alifikiri. Alihesabu kwa wajukuu, nani alikuwa amezaliwa na nani bado.

"Ulikuwa mwaka ambao hakwenda kwenye sherehe," alisema. "Hilo nalikumbuka, alilia kwa hasira. Lakini ulikuwa ule wa ambulensi, au ule uliofuata?" Akamgeukia mama, kana kwamba mama ndiye angejua.